Kuoa, Kuolewa na Kuoza: Malezi, Redio na Vitenzi vya Ndoa Wilayani Magu

Wataalamu wa lugha hupenda kutaja kwamba Kiswahili hakibagui mume na mke katika nafsi zake: yeye ni yeye, na kiambishi a- chamfaa bibi kama kimfaavyo babu. Kisukuma, lugha ya kwanza ya watoto wengi wa Magu, ni vivyo hivyo. Lakini msomaji asidhani kwamba lugha isiyokuwa na jinsia katika sarufi haifundishi jinsia. (Neno hili nalo limepata maana mpya, jinsi ya wazee wetu ilikuwa aina au namna tu.) Huifundisha katika vitenzi.

Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kisukuma nacho kina kutola na kutolwa, hata mtoto aingiapo shuleni na kukutana na Kiswahili, tofauti hiyo anayo tayari. Kipo na kitenzi cha tatu, kuoza, ambacho mtendaji wake ni mzazi, naye ndiye apokeaye ng'ombe wa mahari. Katika "baba amemwoza binti", binti ni mtendwa. Katika "binti ameolewa" amekuwa kiima, lakini tendo bado si lake. Na mwanamume ahamiapo kwa mkewe akatunzwa huko, majirani husema, "Ameolewa," wakacheka. Mvulana asikiaye kicheko hicho hahitaji kufundishwa zaidi.

Redio iliingia katika malezi hayo kwa mlango mwingine. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Ndani yake yumo Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani, Tunu, na wanawake wengine safarini. Kilichonivutia ni mahali lawama ilipowekwa. Neno malaya kisarufi lamfaa yeyote, lakini katika usemi wa kila siku huwaangukia wanawake. Mwanamume wa mwenendo uleule huitwa mhuni, na pengine husifiwa. Mchezo ule ulimkabidhi mwanamume aibu yake mwenyewe. Kwa watu wa Magu hayo hayakuwa mambo ya mbali, kwani Kisesa, kando ya barabara itokayo Mwanza, watafiti walianza mwaka 1994 kuufuatilia ugonjwa huo miongoni mwa wakazi.

Sheria nayo ilisema kwa vitenzi vilevile. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hali mvulana alitakiwa kutimiza 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Magazeti, kwa upande wao, hupenda kuandika "wamefunga ndoa", usemi ambao wawili wote ni watendaji. Naona usemi huo bado ni wa magazeti na wa kadi za mwaliko. Nyumbani msichana huulizwa, "Utaolewa lini?"

"Sitaki kuoa" na "sitaki kuolewa" ni sentensi sanifu zote mbili. Sikio lililolelewa Magu, hata hivyo, husikia katika ya kwanza kijana anayekawia, na katika ya pili binti mkaidi.