Kilwa Kisiwani na Kuta Zake

Avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hulakiwa kwanza na Gereza, ngome isimamayo ukingoni mwa maji. Wareno walijenga boma mahali hapo mwaka 1505, na hiyo ionekanayo leo ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Upande wake mmoja umekwisha kuliwa na bahari.

Nyuma ya ngome kuna kijiji, wala hakikukaa kando ya magofu, bali kati yake. Upo Msikiti Mkuu, ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14. Iko na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Ndani yake mna birika la pembe nane. Nasi twakiri kwamba hapo tulisahau kabisa habari ya chakula.

Mwaka 1981 UNESCO iliyaandika magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, katika urithi wa dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa humo mwaka 2014.

Baba ajengaye nyumba ya miti na udongo huona mawe yaliyochongwa tayari karibu na mlango wake, na sheria yamkataza kuyachukua. Ni neno gumu. Wengine husema, basi, wenyeji wahamishwe, kuta zipone. Shauri hilo sisi hatulikubali hata kidogo. Adui wa ukuta ni mvua, chumvi, mawimbi na mizizi ya miti; na ni nani ataing'oa hiyo mizizi, kama si akaaye hapo?

Tena kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukizipaka saruji, maji na chumvi hufungiwa ndani, jiwe likamomonyoka nyuma yake. Sharti chokaa ya kale: matumbawe huchomwa juu ya rundo kubwa la kuni, kisha huzimwa kwa maji. Lakini kuni zenye moto mkali ni za mikoko, na mikoko ndiyo ishikayo pwani isiliwe. Fundi akiikata ovyo, ameuokoa ukuta kwa mkono mmoja na kuutupa baharini kwa mkono wa pili. Kwa hiyo katika matengenezo yale wanakijiji walifundishwa uashi wa chokaa, na mikoko ikapandwa ufukoni. Ukuta uliotengenezwa hivyo huhitaji kutazamwa tena kila masika yakiisha, kabla miche iliyoota kati ya mawe haijapata nguvu.