Utumbo usiosubiri amri
Mama wa Lundo akishakula ugali wa muhogo na usipa, hauamrishi utumbo wake. Muumba ameweka mishipa ya fahamu ndani ya ukuta wa utumbo mpana wenyewe. Mzigo ukiutanua, mishipa hiyo hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, kalsiamu huingia katika seli za misuli, nayo misuli hukaza nyuma ya mzigo. Mbele hulegea. Kulegea nako ni kazi!

Wapo watoto wanaozaliwa bila seli za fahamu mwishoni mwa utumbo. Harald Hirschsprung, daktari wa Denmark, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1886. Sehemu ile hailegei, tumbo huvimba. Kichanga akimaliza siku nzima bila choo cha kwanza, msiseme amerogwa. Mwombeeni mkiwa njiani kwenda hospitali. Upasuaji wa kuondoa sehemu hiyo upo.