Mapazia ya maua na ya rangi moja

Mapazia ya maua na mapazia ya rangi moja ni aina kuu mbili za vitambaa vinavyotundikwa madirishani na milangoni ili kupunguza mwanga, kuzuia macho ya walio nje na kupamba nyumba. Katika lugha ya madukani, "kitambaa cha maua" si lazima kiwe na maua: hata mistari, miraba, ndege au mchoro wowote unaojirudia huitwa hivyo. Kitambaa cha rangi moja ni kile kisicho na mchoro, hata kama kina mng'ao.

Wengi huchagua kwa kutazama kipande kidogo dukani. Tofauti zenye uzito hazionekani hapo: zinahusu mita zitakazonunuliwa, sura ya kitambaa kikishakunjwa, na namna kitakavyopauka kwa jua.

Historia

Vitambaa vya pamba vyenye maua viliingia Ulaya kwa wingi kutoka India katika karne ya 17, vikapendwa kiasi cha kuwatia hofu wafumaji wa huko. Ufaransa ilivipiga marufuku mwaka 1686 na haikulegeza hadi 1759. Uingereza ilizuia kuviingiza kuanzia 1701, kisha sheria ya 1721 ikazuia sehemu kubwa ya matumizi yake, kwa mavazi na hata kwa vyombo vya nyumbani. Mwaka 1760 Christophe-Philippe Oberkampf alianzisha kiwanda huko Jouy-en-Josas, karibu na Versailles. Michoro yake ya mandhari kwa wino wa rangi moja juu ya kitambaa cheupe bado inaigwa kwenye mapazia. Mwingereza William Morris alibuni mwaka 1883 kitambaa chake mashuhuri cha ndege waiba matunda, "Strawberry Thief", ambacho kilikusudiwa pia kwa mapazia.

Pwani ya Afrika Mashariki ilipokea vitambaa vya Gujarat kwa karne nyingi. Katika karne ya 19 kilikuja pia kitambaa cha pamba kisicho na maua kutoka Marekani, ndiyo sababu kikaitwa merikani.

Kiasi cha kitambaa

Hapa ndipo bei hubadilika. Mchoro hujirudia kila baada ya umbali fulani, ambao huitwa mrudio. Vipande viwili vikining'inia pamoja, maua yake yanapaswa kuwa sawa kwa urefu, la sivyo jicho huona kasoro mara moja. Kwa hiyo kila kipande hukatwa kuanzia mahali palepale pa mchoro, na kinachobaki katikati hupotea.

Tuchukue nyumba yenye madirisha manne, kila moja likihitaji vipande viwili vya sentimita 230 pamoja na pindo. Kwa kitambaa cha rangi moja, vipande vinane ni mita 18.40. Kwa kitambaa chenye mrudio wa sentimita 64, mirudio mitatu haitoshi kwa kipande kimoja, hivyo kila kipande huanza sentimita 256 baada ya kilichotangulia, na jumla hufika mita 20.22. Mrudio mkubwa zaidi si lazima uwe na hasara zaidi: ukiwa wa sentimita 80, mirudio mitatu ni 240 na jumla ni mita 19.10 tu. Ni vizuri kupima mrudio kwa futi kabla ya kulipa, maana kurudi dukani kuongeza mita moja hakusaidii ikiwa kitambaa kimekwisha.

Kitambaa cha rangi moja kina faida nyingine. Kikiwa na upana wa sentimita 280, fundi anaweza kukilaza ili upana uwe urefu wa pazia, na kuepuka maungio. Ndege au maua yenye shina hayakubali hivyo, yatalala ubavu.

Kanga ni mfano mzuri wa tatizo hili. Ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110, ina pindo pande zote na jina linalosomeka kwa mlalo. Ikitundikwa ili jina lisomeke, hufunika dirisha fupi tu, na marinda huyameza maneno. Ikisimamishwa kwa urefu, jina husimama pia.

Marinda na macho

Pazia la kawaida hutumia kitambaa chenye upana wa karibu mara mbili ya dirisha ili lipate marinda. Ua la sentimita 40 likiingia kwenye marinda hukatika vipande; michoro midogo huvumilia zaidi. Pazia la kukunja kwenda juu, ambalo hubaki bapa likishushwa, ndilo linalofaa mchoro mkubwa.

Wapambaji hurudia kwamba mistari ya wima hufanya chumba kionekane kirefu. Jambo hili si la hakika. Katika karne ya 19 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza kwamba mraba uliojaa mistari ya mlalo huonekana mrefu zaidi, na ule wa mistari ya wima huonekana mpana. Kuinua fimbo ya pazia karibu na dari ni njia ya kuaminika zaidi.

Pale ambapo zulia na makochi tayari yana maua, rangi moja hutuliza macho. Chumba chenye kuta nyeupe na viti vya rangi moja kinaweza kubeba maua makubwa bila shida.

Jua, vumbi na kufua

Mionzi ya jua huvunja rangi za aina zote mbili, lakini kwenye rangi moja mpauko huonekana wazi kama mistari juu ya migongo ya marinda. Maua huuficha kwa muda. Karibu na ikweta, madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayopigwa zaidi na jua la chini la asubuhi na jioni. Bitana nyeupe upande wa kioo hupunguza mpauko, na pia huficha mgongo uliofifia wa vitambaa vilivyochapwa upande mmoja. Kitenge halisi cha nta hakina shida hiyo, kwa kuwa rangi hupenya pande zote mbili. Viwandani, uimara wa rangi dhidi ya mwanga hupimwa kwa kiwango cha sufi ya buluu, kutoka 1 hadi 8. Namba kubwa ni bora.

Alama za mikono na masizi ya jikoni hujificha kwenye maua. Kwa upande mwingine, anayehamahama nyumba za kupanga hupata nafuu kwa rangi moja, kwani pazia linaweza kuongezwa upande au kupunguzwa bila kuvuruga mchoro. Nyongeza hiyo ilinganishwe mchana na kitambaa cha zamani, kwa sababu marobota mawili ya rangi ileile hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo ambayo taa ya duka huificha huonekana dirishani.