Jiwe Lirushwalo Juu

Katika darasa letu la fizikia liko swali moja lizushalo ubishi kila mara: jiwe lililorushwa juu wima, lifikapo kileleni, mchapuko wake ni kiasi gani? Wengi hujibu upesi, "Sifuri, kwa maana limesimama." Jibu hilo si sahihi, nami nataka kueleza sababu yake.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili. Kasi hutuambia kitu kinakwenda upesi kiasi gani, na upande gani. Mchapuko hutuambia kasi hiyo inabadilika kiasi gani kila sekunde. Dunia huvuta vitu vyote kuelekea chini, na mvuto huo hubadili kasi kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde ipitayo. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme 10, na hewa tuiache kando.

Basi, rusha jiwe juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Baada ya sekunde 1 kasi imebaki 10. Baada ya sekunde 2 ni sifuri, nalo liko mita 20 juu ya mkono wako. Sekunde ya 3 ikiisha linashuka kwa kasi ya 10. Ya 4 ikiisha linarudi mkononi kwa 20 ile ile. Tazameni: kila sekunde kasi imebadilika kwa 10 kuelekea chini, wakati wa kupanda, kileleni, na wakati wa kushuka. Kama mchapuko ungekwisha kule kileleni, kasi ingebaki sifuri, na jiwe lingening'inia hewani daima!

Uzito nao haubadili hesabu hii. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliangusha nyundo na unyoya Mwezini, pasipo hewa, navyo vikafika chini pamoja. Hapa kwetu unyoya huchelewa kwa sababu hewa huuzuia.

Elimu hii si ya mtihani tu. Nazi iangukayo kutoka mita 20 hufika chini kwa muda wa sekunde 2 hivi, kwa kasi ya kilomita zipatazo 70 kwa saa, kama basi barabarani. Na jiwe ulirushalo kuangua embe hurudi kwa karibu kasi yote uliyolipa. Kwa hiyo, wenzangu, msikae chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa, wala msirushe mawe mwembeni hali wenzenu wapo chini.