Singo ya Kahawa: Kusugua Mwili Bila Kujichubua

Muuza kahawa amiminapo kikombe cha mwisho na kuondoka barazani, hubaki ndani ya dele lake mashapo meusi ambayo kwa desturi humwagwa mtaroni. Siku hizi mashapo ya namna hiyo yamepata soko. Katika maduka ya vipodozi, kahawa iliyochanganywa na mafuta na sukari huuzwa katika vikopo vya kupendeza, kwa bei ambayo kibarua hawezi kuilipa bila kupunguza posho ya nyumbani. Juu ya kikopo huandikwa ahadi tatu: ngozi italainika, mafuta ya mapajani yatayeyuka, na mwili utang'aa uwe mweupe. Ahadi ya kwanza ni ya kweli. Ya pili ni ya kupita, na ya tatu ni uongo wenye hatari.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Unguja na pwani yote wamezoea kusinga. Bibi arusi husuguliwa singo ya mawaridi, asumini, mlangilangi, karafuu na liwa, akafanyiwa hivyo na somo wake kwa mkono mwepesi, siku baada ya siku. Kahawa nayo ni yetu: wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1933, na huko Bukoba mgeni hukaribishwa kwa buni za kutafuna kabla hajaulizwa safari yake. Kwa hiyo mwananchi anayo haki ya kuuliza kwa nini auziwe kwa bei ya anasa kitu alichokuwa akikimwaga.

Tutazame kwanza kazi inayofanyika. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa. Mwili hujivua seli hizo wenyewe na kuleta nyingine kutoka chini, kazi inayochukua kiasi cha wiki nne kwa mtu mzima, na zaidi kwa mzee. Chembe za kahawa huzisaidia tu zile zilizokwisha kulegea kutoka, ndipo kiwiko na goti huwa laini kwa siku chache. Kafeini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi yaweza kuonekana imekaza kwa muda. Baada ya hapo hurudi ilivyokuwa. Mafuta ya mwilini hayaondoki kwa kusuguliwa.

Sasa namna ya kutumia. Chukua mashapo ya kahawa iliyosagwa laini, yakiwa yamepoa kabisa. Wapo waliojaribu kutumia kahawa ya unga inayoyeyuka, kama ile itengenezwayo Bukoba. Hiyo ni ya kunywa, na ikipata maji hubaki rangi tu. Mashapo ya kahawa iliyochemshwa na tangawizi yasitumike, kwa sababu tangawizi huweza kuwasha ngozi. Vijiko vitatu vya mashapo kwa kijiko kimoja cha mafuta ya nazi vyatosha. Sukari ya chembe kubwa iachwe, maana huparuza. Ndimu iachwe kabisa: maji yake yakibaki mwilini na mtu akatoka juani, huweza kumwunguza na kumwachia madoa ya miezi.

Kabla ya mara ya kwanza, jipake kidogo upande wa ndani wa mkono, usuuze, kisha ungoje hadi kesho. Pakiwasha au pakivimba, singo hiyo si yako. Pasipokuwa na dhara, oga kwanza kwa maji ya uvuguvugu ili ngozi ilainike, ndipo upake na kuzungusha viganja polepole kwa muda wa nusu dakika kila mahali. Atumie kiganja, wala si dodoki juu ya kahawa. Kipimo ni rahisi: ukisikia mchomo, umekwisha kupita kiasi. Suuza, jikaushe kwa kugusagusa taulo, upake mafuta. Mara moja kwa wiki yatosha. Mchanganyiko uliobaki usiwekwe bafuni kungoja wiki ijayo, maana kahawa yenye unyevu huota ukungu upesi.

Uso tuuache, ngozi yake ni nyembamba, na mwenye chunusi akizisugua huzidisha uvimbe. Vivyo hivyo mwenye jeraha, ukurutu, vipele, mahali palipoungua jua au palipotoka kunyolewa. Watoto wachanga hawana haja nayo. Ndugu zetu wenye ualbino hasa wajihadhari, kwani ngozi yao haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, na kuisugua ni kuiongezea udhaifu.

Hapa ndipo twarudi kwenye ile ahadi ya tatu. Mtu aliyeahidiwa weupe husugua Jumatatu, akasugua tena Jumanne, na asipoona mabadiliko huongeza nguvu. Ngozi nyeusi iliyochubuliwa mara nyingi hupona kwa kuweka doa jeusi zaidi, naye akiliona doa hukimbilia mkorogo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita nguo fupi, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Magazeti yalijaa mabishano, na wako vijana waliofanya jambo hilo kuwa kisingizio cha kuwavamia wanawake vituoni mwa mabasi. Kwa hilo hawastahili sifa yoyote. Nguo fupi leo hazimshtui mtu, lakini mkorogo ungalipo, nao hutumiwa na wanaume pia. Zebaki iliyomo katika baadhi ya dawa hizo huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumiwa ovyo huiachia ngozi mabaka yasiyofutika. Vyote viwili vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na bado huuzwa kwa kificho. Haifai kumlaumu binti peke yake, ikiwa kila tangazo alionalo ukutani humwambia kwamba rangi aliyozaliwa nayo ni kosa.

Matumizi ambayo sisi twayapenda kuliko yote hayaandikwi juu ya kikopo. Fundi wa gereji atokaye kazini na mikono iliyojaa grisi akiisugua kwa mashapo na sabuni, uchafu hutoka bila kuioshea petroli, ambayo hukausha na kuwasha ngozi. Mpishi naye huondoa kwa njia hiyo harufu ya samaki na vitunguu. Maji yenye mashapo yamwagwe bustanini, si katika bomba la maji machafu, ambalo litaziba. Na sakafu ya bafu ipigwe sabuni mara moja, maana mafuta ya nazi huifanya iteleze, na anayefuata kuingia huenda akawa bibi yako.