Picha za Vyumba Shimoni: Mpate Mteja Anayelipa, si Anayesifu Tu

Wageni wengi wanaofika Shimoni huja asubuhi. Wanapanda boti kwenda hifadhi ya baharini ya Kisite-Mpunguti, wanakula Wasini, na jioni gari linawarudisha Diani kulala. Gesti za Shimoni zinabaki na vitanda vilivyotandikwa. Mgeni atalalaje chumba ambacho hajawahi kukiona? Na akikitafuta kwenye simu, anakuta picha yenye giza iliyopigwa haraka haraka mlangoni.

Kama una kamera na jicho zuri, hapo pana kazi yako. Lakini sifa hazinunui unga. Tuone vile unaweza kupata mteja anayelipa, na pesa zikafika salama.

1. Tafuta mwenye pesa, si mwenye funguo

Nyumba nyingi za wageni Diani zina wenyewe wanaoishi Nairobi au Ulaya. Utakayemkuta getini ni mwangalizi wa nyumba. Msalimu vizuri, maana yeye ndiye mlango wako, lakini bajeti haiko mkononi mwake. Muombe akuunganishe na bosi wake kwa Wasapu. Kwa gesti ndogo za Shimoni au Msambweni, mara nyingi mwenyewe yuko hapo hapo, kwa hivyo mnaongea ana kwa ana.

2. Mwonyeshe shida yake, si kamera yako

Fungua Airbnb au Booking.com, utafute vyumba vya Shimoni, Msambweni, Gazi na Diani. Chagua kumi vyenye picha mbaya, kisha umwandikie kila mmoja meseji yake. Kwa mfano:

“Habari za leo. Nimeona nyumba yenu ya Msambweni mtandaoni. Chumba kikubwa kinaangalia bahari, lakini kwenye picha dirisha limekuwa jeupe tupu. Naomba nikipige upya chumba hicho kimoja, bila malipo, muone tofauti.”

Hili ni tatizo la kawaida la nyumba zetu: paa la makuti linaleta giza ndani, na nje jua ni kali. Weka kamera kwenye stendi, piga picha tatu za mwangaza tofauti bila kuisogeza, kisha uziunganishe kwa programu ya kuhariri. Chumba kitaonekana, na bahari pia. Ila sampuli iwe chumba kimoja tu. Ukipiga nyumba nzima bure, umeshamaliza kazi bila kulipwa.

3. Andika bei kabla hujapanda matatu

Kutoka Ukunda utapanda matatu ya Lunga Lunga, ushuke Kanana, halafu boda hadi Shimoni. Nauli hiyo, chakula, bando na saa za kuhariri zote ziingie kwenye bei. Tuseme mmekubaliana shilingi 12,000. Omba arbuni ya nusu, yaani 6,000, ndipo uandike tarehe kwenye daftari. Zilizobaki zilipwe mteja akishaona picha ndogo zenye jina lako juu yake, kabla hujamtumia zile kubwa safi. Mteja wa kweli hakasiriki ukiomba arbuni. Anayesema “njoo tu, tutaelewana” amekupa jibu tayari.

4. Elewaneni picha ni za nani

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi uliyoagizwa na mteja, haki yake inahamia kwa huyo mteja, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa hivyo kama unataka kuzitumia picha hizo kujitangaza, liandike mapema kwenye meseji: “Nitaruhusiwa kuonyesha picha hizi kwenye kurasa zangu.” Akijibu ndiyo, hifadhi meseji hiyo.

5. Pokea pesa kibiashara

Tumia Till badala ya laini yako ya nyumbani. Pesa za kazi hazitachanganyika na za mboga, na rekodi yake itakuonyesha nani amelipa na nani bado. Ukienda kuomba mkopo wa lenzi, rekodi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni meseji feki ya malipo: usiamini picha ya skrini wala meseji uliyofowadiwa, angalia salio lako mwenyewe. Wa pili ni yule anayesema ametuma zaidi kimakosa na anataka umrudishie sasa hivi. Hakiki kwanza kama pesa imeingia, kisha piga huduma kwa wateja. Na kumbuka, kupokea pesa hakuhitaji PIN. Anayekuuliza PIN ni mwizi.

6. Uza wakati vyumba viko tupu

Wengi husubiri Disemba. Lakini Disemba chumba kina mgeni, huwezi kuingia. Mwezi wa 5 na wa 6, mvua za masika zikipungua, vyumba viko wazi na mwenye gesti anawaza wageni wa Julai na Agosti. Hapo ndipo atakusikiliza.

Leo jioni, chagua vyumba vyako kumi na utume meseji ya kwanza. Ukijibiwa na wawili tu, na mmoja akatuma arbuni, biashara imeanza.