Je, Wajua? Springi ndefu haziinui difu

Ukivuka mpaka kutoka Gisenyi, Rwanda, kuingia Goma, unakanyaga mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, iliyopasua katikati ya mji mwaka 2002 hadi Ziwa Kivu. Ni mawe makali, na mwenye Land Cruiser hushawishika kuliinua gari lake mwenyewe, uani kwake.

Lakini akifunga springi ndefu zaidi, kinachopanda ni bodi tu. Difu hubaki palepale, maana imo kwenye ekseli, na ekseli hubebwa na magurudumu. Tairi kubwa ndiyo huiinua, tena kwa nusu: ukitoa za inchi 31 ukafunga za 33, difu hupanda inchi moja. Inchi moja kwa gharama yote hiyo!

Spidomita nayo huhesabu mizunguko ya gurudumu, bila kujua kwamba kila mzunguko umerefuka. Ikisoma 60, gari liko karibu 64, na kamera za barabarani nchini Rwanda hazisikilizi utetezi huo.

Springi zikirefuka, mipira ya breki nayo irefushwe, isije ikavutika hadi kukatika gurudumu linapotumbukia shimoni. Fundi anayesahau hilo namwogopa kuliko volkano.